Mara, Nairobi au shamba la bibi: kazi tatu za sauti za mazingira, uanze na ipi?

Kuna muziki unaoanza bila ala hata moja. Mtu anatoka na kinasa sauti, ananasa mvua juu ya bati, vyura, jenereta, mnada wa samaki, kisha anarudi nyumbani na kuzifanyia kazi sauti hizo kwenye kompyuta. Anazikata, anazivuta, anazichuja, anazipanga moja juu ya nyingine, mpaka zinageuka utunzi unaosimama wenyewe. Wengi huuita muziki wa majaribio, na jina hilo huwatisha watu bure. Mimi naupenda kwa moyo wote, na kila ninapompelekea rafiki kiungo cha kusikiliza, swali linalorudi ni lilelile: nianze na ipi?

Anayeuliza hivyo akiwa Afrika Mashariki ana bahati, kwa sababu kazi tatu ninazozirudia kuliko nyingine zote zina mguu Kenya. Ya kwanza ni "Ol-Olool-O" ya Mwingereza Chris Watson, kipande kinachofungua albamu yake Weather Report ya mwaka 2003. Ya pili ni Peel ya KMRU, kijana wa Nairobi, iliyotoka mwaka 2020. Ya tatu ni peace places: kenyan memories ya Nyokabi Kariũki, ya mwaka 2022. Zote tatu zimejengwa kwa sauti zilizonaswa nje ya studio, lakini ukizisikiliza mfululizo utadhani zimetoka sayari tatu.

Tofauti yao watu wengi huitafuta kwenye vifaa na programu. Nadhani iko kwingine: sikio la mtunzi limesimama wapi. Watson anasikiliza kama mgeni. KMRU anasikiliza kama mwenyeji. Nyokabi anasikiliza kama mtu aliye mbali na kwao. Hapo ndipo kila uamuzi mwingine unapotokea, nini kikatwe, nini kifichwe, nini kiachwe kama kilivyo. Nalisema hili si kwa kusikiliza tu. Nina rekodi moja ya Feri, soko la samaki lililo kando ya kivuko cha Kigamboni, Dar es Salaam, na nimeipitisha kwenye njia zote tatu.

Siku nzima ndani ya dakika 18

Watson ni mtu wa Sheffield. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kundi la Cabaret Voltaire, lililochezea mashine na kanda tangu miaka ya 1970, kabla hajageukia kunasa sauti za wanyama na ndege, zikiwemo za vipindi vya David Attenborough vya BBC. Asili yake hiyo inaeleza mengi. Aliingia porini akiwa na sikio la mtu wa studio, aliyezoea kukata kanda na kuunganisha.

"Ol-Olool-O" ni siku moja tu: Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba 2002, Masai Mara, tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka saa moja jioni. Saa 14 zimebanwa kuwa dakika 18. Piga hesabu na utaona kila dakika unayosikia imebeba karibu dakika 47 za siku ile. Na bado hakuna kilichoharakishwa. Ukiharakisha rekodi, ndege hugeuka filimbi na simba hugeuka paka. Alichofanya Watson ni kuchagua na kupishanisha: sauti moja inazama taratibu, nyingine inachomoza chini yake, na jua linapanda bila wewe kuuona mshono. Hakuna ala iliyoongezwa. Ni wadudu, ndege, wanyama na hewa ya mahali penyewe, ila mpangilio ni wa mtunzi kuanzia sekunde ya kwanza.

Vipande viwili vinavyofuata kwenye albamu hiyo vina urefu uleule wa dakika 18: kimoja ni miezi minne ya bonde moja la nyanda za juu za Uskoti, kingine ni barafu ya Vatnajökull huko Iceland. Ni vizuri, hasa cha barafu, lakini anayeanza aanze na Mara.

Njia hii ina mzee wake. Mfaransa Luc Ferrari alinasa alfajiri za Vela Luka, mji mdogo wa bandari kwenye kisiwa cha Korčula, Kroatia ya leo, na mwaka 1970 akatoa kipande cha takriban dakika 20 kiitwacho Presque rien, yaani "karibu hakuna kitu". Mashua zenye injini, watu wakisemezana, nyenje. Wakati huo muziki wa kanda ulikuwa wa kuficha chanzo cha sauti, na yeye akakiacha wazi.

Ukisikia haya unaweza kudhani ndiyo njia rahisi, kwa kuwa hakuna "kufanya" kingi. Mimi nilidhani hivyo. Pale Feri nilinasa dakika 40 kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri: mnada wa samaki, barafu ikivunjwa, maji yakipiga ubavu wa ngalawa, honi ya pantoni ya Kigamboni. Nilitaka dakika sita. Nilipoanza kukata nikagundua kwamba katikati ya rekodi kuna mashine iliyozimwa, na sikuwa nimeisikia kabisa nilipokuwa pale. Ngurumo yake ndogo ilikuwa chini ya kila kitu. Nikiunganisha kipande cha kabla na kipande cha baada, sikio linaona kidonda hapohapo: mahali palepale, watu walewale, lakini hewa nyingine. Nilikaa nayo usiku mbili. Kilichoniokoa ni dakika mbili za mwanzo ambazo nilinasa kabla mnada haujachangamka, Feri ikiwa inapumua tu. Nilizitandika chini ya kila kiungo kama mkeka, na mishono ikafichika. Tangu siku hiyo sitoki mahali bila kunasa dakika mbili tatu za mahali penyewe pasipo tukio lolote.

Kwa hiyo kwa msikilizaji, Watson ndiye mwepesi kuliko wote watatu: unajua uko wapi, unajua siku inaelekea wapi. Kwa mtengenezaji ndiye mgumu kuliko wote. Kila kosa linaonekana.

Nina neno moja la kuongeza. Sikio la mgeni lina nguvu yake: linasikia kile ambacho mwenyeji ameacha kukisikia siku nyingi. Mtu aliyekulia karibu na Mara huenda asione sababu ya kunasa wadudu wa alfajiri. Lakini sikio hilohilo huvutwa na kile kilicho kikubwa na cha pori. Ukitaka kusikia Wakenya wakiishi siku yao, kipande hiki si mahali pake.

Mahali panapoyeyuka

KMRU ni Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1997, mjukuu wa Joseph Kamaru yule mwanamuziki mkubwa wa Kikikuyu. Peel ilitolewa na lebo ya Editions Mego ya Vienna. Ina vipande sita, inapita saa moja, na kile cha mwisho chenye jina la albamu kinapita dakika 20 peke yake.

Hapa usitafute ndege. Usitafute kitu chochote cha kushika kwa jina. Rekodi za mazingira zimo, lakini zimevutwa na kuchujwa mpaka zimekuwa ukungu: tabaka la chini linanguruma taratibu, juu yake kuna kitu kama pumzi, halafu kitu ambacho huenda ni mvua, huenda ni watu wengi kwa mbali, huenda ni redio. Hakuna mdundo. Mabadiliko yapo, ila yanakuja kama maji ya bahari yanavyojaa. Unageuka mara moja na kukuta jiwe ulilokuwa umelikalia limezungukwa.

Nimekutana na watu wanaoiacha dakika ya nne. Nawaelewa, lakini karibu wote walikuwa wanaisikiliza kwenye spika ya simu, na spika ya simu haina besi. Kwa albamu hii hilo ni sawa na kutazama picha iliyokatwa nusu ya chini. Vaa hedifoni nzuri, au iweke kwenye spika kubwa kwa sauti ya wastani, ulale chini.

Kwa nini mwenyeji ayeyushe mahali pake? Jibu langu ni kwamba yeye hahitaji kuelezwa Nairobi ilivyo. Anaijua, na sasa anaweza kuuliza ndani ya sauti zake kuna nini kingine. Swali hilo ni la zamani. Pierre Schaeffer alinasa treni kwenye kituo cha Batignolles, Paris, mwaka 1948, akazikata sauti zake kwa santuri, akitaka msikilizaji asahau treni na abaki na sauti yenyewe. Historia nyingi huanzia hapo. Lakini miaka minne kabla, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh alikuwa amekwisha fanya hivyo Cairo: alinasa zaari, ngoma ya pepo ya wanawake, kwenye mashine ya kunasa kwa waya, kisha akazichuja sauti zile na kuziongezea mwangwi mpaka waimbaji wakabaki kama kivuli cha wimbo. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa ngoma ya pepo. Inanipa furaha kubwa kwamba mojawapo ya mizizi ya muziki huu iko kwenye ngoma ambayo bibi zetu wangeitambua.

Turudi Feri. Nilichukua honi ya pantoni, sekunde tatu tu, nikaiingiza kwenye Audacity, ambayo ni programu ya bure, na kutumia zana yake iitwayo Paulstretch. Zana hii huvuta sauti bila kuishusha noti, kwa hiyo sekunde tatu zilikuwa dakika nne. Nilichopata kilikuwa kama kinanda kikubwa kwenye jengo tupu, kikipanda na kushuka polepole. Nikampigia mama yangu, ambaye amevuka na pantoni hiyo maisha yake yote. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Huu mlio una majonzi, mwanangu. Umeutoa wapi?" Nilipomwambia ni honi ya pantoni alikataa kabisa, mpaka nilipomchezea ile ya asili.

Hiyo ndiyo nguvu ya njia hii, na hatari yake pia. Kazi iliyonichukua usiku mbili kwa njia ya Watson, hapa ilinichukua dakika kumi, na matokeo yakapendeza mara moja. Karibu sauti yoyote ukiivuta mara themanini itapendeza. Bomba la maji litapendeza, mlango utapendeza. Ukishazoea unagundua kwamba vipande vyako vyote vinafanana, kwa kuwa unachokisikia ni zana, si mahali. KMRU anaepuka mtego huo kwa kuacha chembe ndogo za sauti halisi zipenye, sekunde chache za kitu chenye kingo, na sikio linashtuka kidogo na kujua kwamba chini ya ukungu kuna nchi kavu. Anayetaka kufuata njia hii asikilize hasa chembe hizo.

Ukipenda Peel, usiishie hapo. Temporary Stored ya mwaka 2022 imetengenezwa kutokana na sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren, Ubelgiji. Kwa msomaji wa Kongo nadhani ndiyo ya kuanza nayo kabla ya Peel, maana swali la nani alimnasa nani, na rekodi inakaa kabati la nani, linamgusa moja kwa moja. Natur ya mwaka 2024 ni kipande kimoja kirefu kilichotolewa na Touch, lebo ileile ya London iliyotoa Weather Report. Humo amenasa hata mivumo ya umeme isiyosikika kwa sikio tupu. Ni kali zaidi, na si ya usiku wa kwanza.

Sauti inayoitwa kwa jina

peace places ni fupi kuliko Peel kwa mbali, na ndiyo pekee kati ya tatu hizi inayoimba. Nyokabi Kariũki ni Mkenya aliyesomea muziki Marekani, na kichwa chenyewe kinasema ni kumbukumbu za Kenya. Tazama majina ya vipande: "A Walk Through My Cũcũ's Farm", matembezi kwenye shamba la bibi, huku neno cũcũ likibaki Kikikuyu. "Galu", ule ufukwe wa kusini karibu na Diani. "Ngurumo, or Feeding Goats Mangoes", yaani ngurumo, au kuwalisha mbuzi maembe. Watson alikupa tarehe na saa. Nyokabi anakupa mbuzi, maembe na bibi.

Rekodi za mazingira hapa hazijaachwa uchi wala hazijayeyushwa. Zimeshonwa pamoja na sauti yake mwenyewe na ala, zinakatwa na kurudishwa, na lugha zinapishana kama zinavyopishana mezani kwenye nyumba nyingi za Kenya, Kiswahili kikiwemo. Kumbukumbu haitunzi siku kwa mpangilio wa saa. Inashika tukio dogo, inalirudia, inaliacha, inaruka. Vipande hivi vinakwenda hivyohivyo. Mtu anayesema hapendi muziki usio na wimbo, mpe hii.

Albamu yake iliyofuata, FEELING BODY ya mwaka 2023, imetokana na kuugua muda mrefu baada ya kupata Uviko. Ni nzito zaidi na ndefu zaidi, lakini mkono ni uleule.

Kwa jaribio la tatu nilimwomba mama akae na hedifoni asikilize rekodi ya Feri huku akisema chochote kinachomjia. Nilitegemea hadithi. Alichofanya ni kutaja samaki: changu, kolekole, nguru, jodari, pweza, na kila mmoja akamwekea neno, huyu wa kuchoma, huyu wa nazi, huyu baba yako alikuwa hamtaki. Nikaipanga sauti yake juu ya maji na mnada, nikarudia "kolekole" mara tatu kwa sababu ya jinsi ulimi wake unavyolivunja, nikaacha kimya baada ya "baba yako". Ni dakika mbili na nusu. Siwezi kuihukumu kama kazi, nimeikaribia mno. Lakini hiyo ndiyo njia inayodai kitu ambacho hakuna programu inayokiuza: uwe na mtu au mahali unapopakumbuka, na uwe tayari kumfanya msikilizaji apajue kwa jina.

Basi, uchague ipi?

Kama una dakika 20, hedifoni za kawaida, na hujawahi kusikia muziki wa aina hii, cheza "Ol-Olool-O" alfajiri au usiku taa ikiwa imezimwa. Kama unataka kumwonjesha mtu mwingine, mzazi, rafiki, mtoto wa dada, wape peace places, kwa sababu inastahimili hata spika ndogo na watu wakiongea pembeni. Peel iwe ya siku ambayo una saa nzima na hakuna atakayekuita. Ukinilazimisha kubaki na moja tu nitabaki na Peel, kwa kuwa ndiyo pekee ambayo kila nikirudi nakuta kitu kipya. Lakini nisingeielewa bila kupita kwa hizo nyingine kwanza. Anayetaka midundo pamoja na sauti za mji, atafute Beyond the Yellow Haze ya Mnijeria Emeka Ogboh, ya mwaka 2021, iliyojaa barabara na vituo vya daladala vya Lagos, ambazo wao huziita danfo.

Anayetaka kutengeneza, ajiulize anasimama wapi kwa mahali anapopanasa. Ukiwa mgeni, kata tu na uache mahali paseme. Ukiwa nyumbani, una ruhusa ya kuyeyusha. Ukiwa Muscat, London au Minneapolis na unachofanyia kazi ni sauti ulizotumiwa na ndugu, usijaribu kujifanya uko pale. Njia ya Nyokabi ndiyo yako. Ila kuhusu kutumiwa, mwambie ndugu yako asitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Programu ile hubana sauti ili iwe nyepesi, na ukija kuivuta, kinachotokea ni mikwaruzo kama ya changarawe. Atume faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa, kwa hifadhi ya mtandaoni. Dakika moja ya stirio ni karibu MB 10, kwa hiyo dakika tatu zinatosha, hakuna haja ya kumaliza bando la mtu. Simu yenyewe inafaa kabisa kuanzia. Ivalishe soksi nyembamba kuzuia upepo, na iweke juu ya kitu badala ya kuishika, maana vidole husikika.

Na uwaombe watu. Pale Feri nilimwendea dalali baada ya mnada, nikamwonyesha simu, nikamweleza. Aliuliza kama atasikika akitaja bei, nikamwambia ndiyo, akaniambia sawa, ila nimletee asikie. Nilimpelekea zote tatu. Ile ya honi aliisikiliza sekunde chache akanirudishia simu. Ya mnada aliisikiliza yote dakika sita, akinionyesha kwa kidole kila bei ilipopanda, na mahali pamoja akasema, "Hapa nilimkosea mzee, alikuwa ametaja kwanza." Ya mama aliomba nimtumie mkewe.